Muulize Somo: Sufuria mbili kila usiku, na bado hakuna anayefurahi

Assalam aleikum Somo,

Nina miaka 34, naishi Likoni na nafanya kazi kwenye duka la leso barabara ya Biashara. Mume wangu ana miaka 47, ni karani wa ghala huko Shimanzi. Mwaka jana alipimwa akaambiwa ana sukari na presha. Anameza dawa za sukari za aina mbili, na moja ya presha. Mimi nina mtoto wa miezi mitano ninayemnyonyesha, na kliniki ya mwisho damu yangu ilikuwa 9.4. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu, nikaambiwa nile nishibe.

Shida yangu ikaanzia hapo. Yeye apunguziwe, mimi niongezewe. Kwake wali uwe kidogo, chumvi kidogo, nazi kidogo. Kwangu nyama, maini, maharagwe. Na njaa ya kunyonyesha unaijua Somo, naweza kula sahani nzima saa tatu na usiku wa manane nikaamka kutafuta mkate. Kwa hiyo napika sufuria mbili. Moja ni ya mboga za kuchemsha na kipande cha samaki bila chumvi, hiyo ni yake. Nyingine ni ya wali wa nazi na mchuzi, hiyo ni yangu na mavyaa, ambaye tunaishi naye.

Nikitoka kazini nangoja feri, nafika nyumbani saa moja, au saa moja na nusu siku ambazo feri zinasumbua. Nabandika huku namnyonyesha mtoto. Mtungi wa gesi wa kilo sita ulikuwa ukitupeleka mwezi, sasa hautimizi wiki tatu. Na baada ya yote hayo mume hafurahi. Anaangalia sahani yake, anaangalia yangu, ananyamaza. Juzi aliniambia, "Kila nikikaa kula nakumbushwa kwamba naumwa." Zamani tulikuwa tunakula sinia moja, Somo. Sasa kila mtu na chombo chake.

Mavyaa naye anasema mwanawe analishwa majani kama mbuzi. Nikiwa kazini humpikia tambi za sukari, nikiuliza naambiwa mgonjwa haulizwi uji. Na nikifua mashati ya mume nanusa viazi karai, najua amepitia maskani kabla ya kuja nyumbani.

Wiki iliyopita tuligombana kwa sababu ya chakula. Alikula mchicha peke yake, wali hakuugusa, akaenda kulala. Usiku akaanza kutetemeka na kutoka jasho, na maneno yake yakawa hayaeleweki. Nikadhani ni malaria. Mavyaa akampa chai yenye sukari nyingi, akatulia. Asubuhi aliamka mzima, akaenda kazini.

Nifanyeje nipike mara moja tu, tule pamoja? Na mtoto mwezi ujao anaanza kula. Naye nimbandikie sufuria ya tatu?

Mpishi wa Sufuria Mbili,
Likoni

*

Waaleikum salaam mwanangu,

Barua yako imejaa mambo ya jikoni, lakini mahali nilipokaa kitako ni pale alipotetemeka. Tuanze na hapo, mapishi yatangoja.

Mtu anayemeza dawa za sukari akila mboga tupu, kisha usiku akatoka jasho, akatetemeka na maneno yakamchanganyika, halafu akapata nafuu kwa chai ya sukari, jambo la kwanza la kushuku ni kwamba sukari yake ilishuka mno. Malaria haitulii kwa kikombe cha chai. Zipo dawa za sukari, kama metformin, ambazo zikitumiwa peke yake ni nadra kuishusha hivyo. Zipo nyingine zinazoisukuma kongosho itoe insulini, ile inayoshusha sukari, hata kama mtu hakula wanga wowote. Kesho shika zile pakiti uzisome. Ukiona limeandikwa glibenclamide au gliclazide, umempata wa kushukiwa. Hata usipoliona, zipige picha, mwende kliniki wiki hii hii, msingoje tarehe yake. Waelezeni alikula nini, saa ngapi, na dawa alimeza saa ngapi. Kubadilisha dawa au kupunguza kipimo ni kazi yao. Wewe na yeye msiache wala msipunguze kwa akili yenu.

Ikitokea tena kabla hamjafika huko, mpime kama mna mashine. Ikisoma chini ya 4 (mmol/L), au hamna mashine na dalili ni zilezile, mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15, umpime tena, na kama bado urudie. Akitulia ale kitu, kipande cha mkate au ndizi. Akiwa amezimia au hawezi kumeza, usimtie chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali. Na mavyaa wako, pamoja na maneno yake ya mbuzi, usiku ule ndiye aliyefanya lililo sawa. Nitarudi kwake.

Sasa unaona kwa nini ile sahani ya majani matupu haikumsaidia mumeo. Mwenye sukari hakukatazwa wanga. Amewekewa kipimo, na dawa zake zimepangwa kwa mtu anayekula kipimo hicho siku zote. Hapo kwenu leo hali wali kabisa, kesho anashiba viazi karai maskani na tambi za mamake. Hakuna daktari anayeweza kuupangia dawa mwendo huo.

Kipimo chenyewe si kigumu. Sahani igawe kwa macho. Nusu iwe mboga zisizo na wanga mwingi: mchicha, mchunga, bamia, bilingani, kabichi, kachumbari. Robo iwe samaki, kuku, nyama, mayai au jamii ya maharagwe. Robo iliyobaki ndiyo ya wanga. Wali ulioiva, kikombe kimoja cha kupimia, una wanga wa gramu 45 hivi, na kwa watu wengi hapo ni pazuri pa kuanzia kwa mlo mmoja, mpaka daktari awape kipimo chake yeye. Sima iwe donge la ukubwa wa ngumi yake. Na tafadhali usidanganywe na wanaokwambia sima ya wimbi ni ruhusa, wali wa kahawia ni ruhusa, muhogo ni ruhusa kwa kuwa umetoka shambani. Vyote ni wanga. Vingine huingia kwenye damu polepole kidogo, lakini sahani ikirundikwa imerundikwa. Uji wa wimbi ndio kabisa, maana unakunywa badala ya kutafuna, na sukari inapanda upesi. Juisi ya muwa ya pale njiani sitaki hata kuizungumzia.

Haya, jikoni. Jambo moja tu nataka ulishike: pika chakula kimoja, ukitenganishe dakika tano za mwisho. Karibu kila kinachowatofautisha wewe na mumeo (tui, chumvi, kiasi cha wali) kinaweza kungoja mpaka mwisho.

Chukua mchuzi wa samaki. Wewe mtu wa pwani unajua nazi hukamuliwa mara mbili au tatu. Tui zito la kwanza huwekwa kando, samaki hupikwa kwa tui jepesi, na lile zito hutiwa mwisho. Bibi zetu hawakuwa wakifikiria moyo wa mtu, walichelea tui lisikatike, lakini wametuachia njia iliyo tayari. Kaanga kitunguu na nyanya kwa mafuta kidogo, tia thomu, tangawizi na bizari, tia tui jepesi, tia changu wako au kolekole au yeyote aliyekuwa wa bei nzuri jioni hiyo. Akiiva, mtoe yeye na sehemu kubwa ya mchuzi. Hicho ndicho chakula cha wote. Mchuzi uliobaki chini ya sufuria ndio utie tui zito na chumvi kidogo, uchemke mara moja, uumwagie wali wako na wa mavyaa. Ukitumia tui la pakiti ni vilevile, vijiko vichache vichanganye na maji ya kupikia, lililobaki lingoje.

Namkatia mumeo tui zito kwa sababu ya mafuta yake, ambayo ni ya aina ngumu, na mtu mwenye sukari na presha pamoja moyo wake tayari uko kwenye hatari. Sukari halipandishi kwa namna wali unavyopandisha, kwa hiyo ladha ya nazi hakunyimwa. Wewe unanyonyesha, mwili wako unataka kama kalori 500 zaidi kila siku, kwa hiyo kwako lile tui lina kazi ya kufanya. Ila wali wa nazi pamoja na mchuzi wa nazi kila usiku ni mazoea tu. Wali upike wa maji, nazi ibaki kwenye mchuzi. Ndiyo hiyo sufuria moja ya wali na moja ya mchuzi, kama nyumba yoyote.

Chumvi ifuate njia ileile. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni kwa vyote, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate. Sasa hesabu kile unachotia na mkono, kisha ongeza vidonge vya supu, unga wa mchuzi wa pakiti, achari na kachri. Vile vidonge vitoe jikoni kabisa, hata kwa ajili yako, kwa sababu kikubwa kilichomo ni chumvi. Papa mkavu na ng'onda wapumzike, au siku mkitamani mno wachemshwe na maji yamwagwe zaidi ya mara moja. Na kuna jambo ambalo wapishi wengi hawalifikirii: magadi. Ukichemsha mchunga au kunde kwa magadi unatia sodiamu ileile inayokimbiwa kwenye chumvi. Mchunga uchemshe kwa maji mengi, mwaga, ukamue, uukaange na kitunguu na nyanya. Uchungu utabaki kidogo, na anayependa mchunga anaupenda kwa uchungu huo. Chumvi mbadala zinazouzwa madukani zina potasiamu, na baadhi ya dawa za presha haziendi nazo, wala figo dhaifu haziendi nazo. Usizinunue bila kuuliza.

Samaki yule wa kuchemsha bila chumvi wala kiungo, mwanangu, hata mimi ningekwenda maskani. Ndimu, ukwaju, pilipili mbuzi, thomu, dania, binzari nyembamba iliyokaangwa kidogo ikanukia, vyote hivyo havina chumvi, na Markiti umepakana napo. Punguza chumvi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ulimi huzoea, ila hauzoei kwa amri ya siku moja.

Lile la sinia nimelisoma mara mbili. Sinia yenye rundo la wali katikati ina shida yake kwa mtu wa sukari, kwa kuwa ukila pamoja na wenzako hujui umekula kiasi gani. Irudisheni, lakini geuzeni kilichomo. Katikati weka mboga nyingi, samaki na mchuzi wake mwepesi, kachumbari, ndimu zilizokatwa. Wali usiingie siniani. Kila mtu awe na bakuli lake la wali pembeni, la mumeo la kikombe kimoja, lako kwa kadiri ya njaa yako, na ule mchuzi mzito uko bakulini mwako. Mboga na samaki mnachota mahali pamoja. Mumeo hatakuwa na sahani ya mgonjwa ya kuiangalia.

Na muanze na mboga na samaki, wali ufuate. Hili limepimwa kwa watu wenye sukari: mboga na protini zikitangulia, sukari baada ya mlo haipandi kwa kasi ile ya wanga ukitangulia. Chakula ni kilekile na bei ni ileile, kilichobadilika ni nani anaingia kwanza mdomoni. Kama mna mashine, apime kabla ya kula na tena saa mbili baada ya kuanza kula, aandike namba na alichokula. Wengi huambiwa walenge chini ya 10 baada ya chakula, lakini namba aliyopewa yeye na daktari wake ndiyo ya kufuata. Daftari hilo litawamalizia ugomvi mwingi, maana mtaacha kubishana kama chapati ina madhara au haina. Mtaisoma.

Sasa wewe. Umeandika mistari mingi juu yake na mitatu juu yako, nami nadhani unakula vivyo hivyo, mwisho na kwa haraka. Damu ya 9.4 si ya kuchezea. Mwanamke asiye na mimba inatakiwa ifike 12. Vidonge ndivyo vitakavyoipandisha, chakula kinasaidia. Vimeze kwa maji yenye ndimu, mbali na chai na mbali na maziwa. Chai ile ya maziwa na tangawizi unayokunywa mara tu baada ya kula (najua unakunywa, sote tunakunywa) inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Isogeze saa moja au zaidi. Vikikuchafua tumbo waambie kliniki wakubadilishie, usivifiche kabatini. Hata damu ikipanda, usiache mpaka uambiwe, kwa sababu mwili bado unajaza akiba.

Bitiruti niruhusu niiseme. Watu wanainunua kwa rangi yake, na rangi ya damu haileti damu. Madini ya chuma yaliyomo ni machache. Hela hizo nunulia maini mara moja kwa wiki. Kaanga kwa mafuta kidogo na kitunguu, nyanya na pilipili hoho, kamulia ndimu ukishaipua, maana vitamini C haipendi moto mrefu. Mumeo naye ale kipande cha ukubwa wa kiganja, hakuna ubaya, pamoja na mchicha na sima ngumi moja. Unaona? Chakula cha damu yako ni chakula chake pia.

Vivyo hivyo kwa pojo, kunde, mbaazi na maharagwe. Hapo ndipo mahitaji yenu yanapokutana kabisa. Vina madini ya chuma kwako, na vina nyuzinyuzi zinazoifanya sukari ipande polepole kwake, na ni rahisi kuliko nyama. Vina wanga ndani yake pia, kwa hiyo siku ya mbaazi wali wake upungue. Chuma cha mimea mwili hukichota kwa shida, lakini ukikila pamoja na samaki au nyama hata kidogo, na ndimu juu, unachota zaidi. Pojo za tui jepesi, kipande cha samaki, kachumbari yenye ndimu nyingi: ningekupa hicho mara mbili kwa wiki, na ningekula nawe. Usiku wa manane usile mkate mkavu. Acha yai la kuchemsha na ndizi, au karanga na embe, mahali unapofikia ukiwa na mtoto mkononi.

Ijumaa mkipika pilau, pikeni. Kikombe chake ni kilekile, kachumbari iwe nyingi itangulie, na viazi vya ndani ya pilau vije kwako, kwa sababu kiazi ndani ya wali ni wanga juu ya wanga.

Kuhusu muda na gesi. Maharagwe usianze kuyachemsha saa moja usiku. Chemsha ya siku tatu Jumapili uyatie kwenye friji, au nunua ya kuchemshwa kwa yule mama wa mtaani, kila mtaa una wake, uyaunge tu. Siku feri zimekunyanyasa, mama karanga, yule muuza samaki wa kukaanga, yupo. Chukua samaki wake, umtie kwenye mchuzi wa nyanya na ukwaju. Samaki wa kukaanga hapandishi sukari kama hakupakwa unga. Ya kuangalia ni mafuta na chumvi, basi siku hiyo nazi ipumzike na usitie chumvi nyingine.

Na babake mtoto anafika saa ngapi? Hukusema, ila umesema hupitia maskani kabla ya kuja nyumbani, kwa hiyo nadhani anakutangulia kuvuka. Mwenye muda wa viazi karai ana muda wa kuchambua mchicha na kuosha mchele. Mwambie hivyo kwa sauti nzuri, siku ambayo hamjagombana. Simsemi kumtia aibu. Mtu anayepimiwa, anayepikiwa na anayechungwa mashati atajiona mtoto, na mtoto huiba chakula. Akiwa yeye ndiye anayepima kikombe chake cha wali, anayeandika namba zake na aliyebandika sufuria, mambo huwa mengine. Na maskani asiache kwenda. Marafiki nao ni afya. Akitamani viazi karai ale viwili vitatu, aseme, na wali wa usiku huo upungue. Kipimo cha dawa asikibadilishe.

Mavyaa. Ana lugha kali, lakini ametazama mwanawe akila majani na uso umekunjamana, akamhurumia kwa kile anachokijua, ambacho ni tambi. Na kwa usiku ule umshukuru, umshukuru mbele ya mumeo, umwambie kuwa chai yake ndiyo iliyomwokoa. Hayo ya tambi usimwambie wewe. Maneno ya mama husemwa na mwanawe. Mumeo amwambie yeye mwenyewe, kisha amchukue waende naye kliniki asikie kwa masikio yake tofauti ya sukari iliyoshuka na iliyopanda, na kwa nini tambi zinafaa usiku mmoja na kuumiza mchana mwingine. Wakiwa huko naye apimwe presha, umri wake na ule mchuzi mzito tunaompa si wa kupuuza. Halafu mpe kazi jikoni ambayo hakuna anayemshinda. Mtu wa umri huo anajua kuunga mboga za majani aina ambazo wewe na mimi tumezisahau majina. Muombe apike mtoriro au kisamvu kwa tui jepesi, uone kama atayaita tena majani ya mbuzi.

Na mtoto hataki sufuria ya tatu. Akitimiza miezi sita na kuweza kukaa na kushika shingo vizuri, utamtolea kwenye sufuria ileile, mapema kuliko wote, kabla ya chumvi na pilipili. Chini ya mwaka mmoja hahitaji chumvi ya kuongezwa, wala sukari, na asali usimpe kabisa. Pojo zilizoiva uziponde laini, mchicha uliokatwa mdogo mdogo, samaki uliyemchambua miiba kwa vidole vyako mwenyewe, kiazi kilichopondwa na tui jepesi, na nyonyo liendelee kama kawaida. Kwa kuwa wewe damu ilikuwa chini, naye anahitaji chuma mapema, kwa hiyo maini uliyoyasaga na maharagwe yasikawie, na kliniki ya chanjo uwaulize kama wampime damu. Pilipili mbuzi weka kando kwenye kisahani chake, kila mtu ajikatie.